Hongera kwa Walioiwasha Hubble

Tarehe 13 Juni 2021, kompyuta inayoongoza vyombo vya kisayansi vya darubini ya Hubble ilisimama ghafla, kilomita zaidi ya 500 juu yetu. Kumtuma fundi haikuwezekana: vyombo vilivyokuwa vikiwapeleka wanaanga kuitengeneza vilistaafishwa mwaka 2011.

Hongera zangu ni za wahandisi wa kituo cha Goddard, jimbo la Maryland, Marekani. Mwanzo walishuku moduli ya kumbukumbu, wakajaribu za akiba, wapi! Kilichonigusa hasa ni walichofanya baada ya hapo. Walifukua nyaraka za miaka 30 hadi 40 iliyopita, na wastaafu walioijua mitambo ile tangu inajengwa wakarudi kusaidia. Shaka ikaangukia kitengo cha umeme. Kazi yake ni kuipa kompyuta volti 5 zisizoyumba. Zikiyumba, au saketi ya ulinzi ikihisi tu kwamba zimeyumba, kompyuta huamriwa isimame.

Kuhamia kitengo cha akiba kulilazimu kubadilisha na vifaa vingine vilivyoungana nacho, kwa hiyo utaratibu wote ulijaribiwa kwanza duniani. Subira ya namna hiyo, wakati dunia nzima inauliza mbona kimya, si jambo dogo.

Julai 15 kompyuta ya akiba ikawaka. Julai 17 Hubble ikarudi kazini, na miongoni mwa picha zake za siku hiyo imo ya galaksi mbili zinazogongana. Wakuu wa taasisi, tunzeni nyaraka zenu, na wastaafu wenu msiwapoteze.