Lugha ya Ibada na Utunzi wa Thomas Tallis: Tahakiki ya Taswira ya Mtunzi Kinyonga

Utangulizi

Thomas Tallis (takriban 1505–1585) alitunga muziki wa ibada nchini Uingereza chini ya watawala wanne: Henry VIII, Edward VI, Mary I na Elizabeth I. Kila utawala ulikuja na msimamo wake kuhusu dini, na pamoja nao msimamo kuhusu lugha ya kumwimbia Mungu. Tallis huchorwa mara nyingi kama kinyonga: Kilatini kilipotakiwa alitunga kwa Kilatini, na Kiingereza kilipoamriwa akakifuata. Taswira hiyo ina chembe ya ukweli. Monasteri ya Waltham alikoajiriwa ilifungwa mwaka 1540, na baadaye riziki yake ilitegemea kwaya ya kifalme. Hata hivyo, makala hii inashikilia kwamba taswira hiyo inaficha jambo lenye uzito zaidi kwa wanasera wa lugha: amri huweza kubadili lugha ya wimbo kwa siku moja, lakini kueleweka kwa wimbo ni kazi ya mtunzi.

Amri na silabi

Mwaka 1544 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alimwandikia mfalme akipendekeza kwamba, kadiri iwezekanavyo, kila silabi ipewe noti moja ili maneno yasikike bayana. Mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kiingereza kikafanywa cha lazima kisheria. Lengo lilikuwa waumini waelewe ibada yao. Lakini mwaka huohuo waasi wa Cornwall na Devon walikikataa kitabu hicho; miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba baadhi ya watu wa Cornwall hawakujua Kiingereza. Lugha iliyoitwa ya watu haikuwa ya watu wote.

Jibu la Tallis kwa matakwa ya wakati huo linasikika katika If Ye Love Me, wimbo wa sauti nne wenye maneno ya Injili ya Yohana, sura ya 14. Sauti zote huanza pamoja, silabi kwa noti. Kisha hufuatana kwa zamu fupi, na sehemu ya pili hurudiwa. Msikilizaji hupewa neno kwanza, ndipo hupewa ufumaji wa sauti. Kigezo cha Cranmer kinatimizwa bila wimbo kugeuka kuwa usomaji mtupu.

Muziki mmoja, lugha mbili

Udhaifu wa kusoma kazi za Tallis kwa kufuata lugha pekee unadhihirika katika Gaude gloriosa, antifona ndefu ya sauti sita kwa Bikira Maria. Kwa muda mrefu wengi waliihusisha na utawala wa Mary I, aliyerejesha ibada ya Kilatini. Vipande vya muswada vilivyogunduliwa katika Chuo cha Corpus Christi, Oxford, vilionyesha muziki huohuo ukiwa na maneno ya Kiingereza, na watafiti wameyahusisha maneno hayo na kitabu cha sala cha Malkia Katherine Parr cha mwaka 1544. Kwa hiyo muziki ulikuwapo tayari zama za Henry, na ulikuwa umekwisha kuvikwa lugha nyingine. Vivyo hivyo, O sacrum convivium inajulikana pia kwa Kiingereza kama I Call and Cry. Lugha ya maneno, basi, haitoshi kuwa ushahidi wa tarehe ya utunzi.

Kilatini nacho hakikumzuia Tallis kulifikisha neno. Spem in alium imetungwa kwa sauti 40 zilizogawanywa katika kwaya nane. Katika wingi huo maneno huzama kwa urahisi. Lakini kabla ya ombi la kutaka Mungu autazame unyonge wa binadamu, sauti zote hunyamaza, kisha huingia kwa pamoja. Kimya hicho kinalifikisha ombi sikioni.

Hitimisho

Maagizo ya Elizabeth I ya mwaka 1559 yalitaka wimbo wa ibada ueleweke kama usomaji, lakini yaliruhusu wimbo wa ufundi wa hali ya juu mwanzoni au mwishoni mwa sala. Mwaka 1575 malkia huyohuyo aliwapa Tallis na William Byrd haki ya pekee ya kuchapisha muziki kwa miaka 21, nao wakamtabarukia mkusanyiko wa nyimbo 34 za Kilatini. Sera ilisisitiza ufahamu, lakini haikuziba mlango wa sanaa.

Kwa washauri wa sera, funzo si kwamba lugha ya ibada haina uzito. Waasi wa Cornwall wanathibitisha kinyume chake. Funzo ni kwamba kutangaza lugha ni hatua ya kwanza tu. Yabaki maswali mawili: ni nani hasa anayeielewa lugha iliyotangazwa, na ni mafundi gani wamepewa muda na nyenzo za kuifanya isikike?