Kufuga Maji Kwanza

Fundi jirani yangu hapa Matinyani, Kitui, amejenga kuta za mabwawa ya mchanga tangu kabla ya kuzaliwa binti yake, na huyo binti ndiye aliyemwomba samaki. Fundi hajawahi kufuga hata mmoja. Lakini tangu alipoleta vipande vitano vya kioo cha milimita 6, jioni zangu nyingi zimeishia uani kwake.

Alianza na meza. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 likijaa lina karibu lita 65, yaani kilo 65 juu ya miguu minne. Akachukua paipu nyembamba ya plastiki, akaijaza maji na kushika ncha zake kwenye pembe mbili, vilevile anavyopima msingi. Upande mmoja ulikuwa chini kwa upana wa ukucha. Akachonga kibao, akakisukuma chini ya mguu, akapima upya. Meza ikiinama, uzito huegemea mshono mmoja, na mshono huo ndio utakaoachia.

Silikoni ilinuka siki nyumba nzima. Aliilainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, mpito mmoja bila kurudi nyuma. Kisha akaliacha tangi wiki nzima, akalijaza juu ya magazeti makavu na kulitazama usiku kucha kama litalowesha ukurasa.

Kuosha mchanga wa mtoni ndiko kulikonishika zaidi. Karai lilikuwa jipya, si lile la saruji. Anakoroga, anamwaga tope, anaongeza maji, anakoroga tena, hadi nikachoka kuhesabu. Mkono huo umefunzwa na bwawa. Ukuta hukalia mwamba, mafuriko yanakuja, mchanga mzito unatua nyuma yake na tope jepesi linapita juu. Ndiyo maana mara nyingi ukuta huinuliwa hatua kwa hatua, msimu baada ya msimu, ili tope lisipate pa kulala. Jua haliwezi kunywa maji yaliyojificha mchangani. Kitui ina mamia ya kuta za namna hii, nyingi zilizojengwa na wanavijiji pamoja na shirika la SASOL tangu miaka ya 1990. Ukiona kina mama wanafukua mchanga mkavu wakati wa kiangazi na kuteka maji maangavu, umeona kazi ya fundi ambaye hakuruhusu tope.

Tangi likajazwa, pampu ya hewa ikaanza kusukuma mapovu ndani ya sifongo ya kuchujia maji.

“Baba, samaki wako wapi?”

“Bado tunafuga maji.”

Kila siku alitia chembe chache za chakula, zioze. Uozo hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaokaa kwenye sifongo na mchangani huigeuza kuwa nitriti, nayo bado sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Wanahitaji wiki nne hadi sita ili watoshe. Wiki ya pili maji yakawa meupe kama uji mwepesi. Wengi wetu tungemwaga. Yeye aliyaacha, na yakatakata yenyewe. Stima ilipopotea, aliteka maji kwa jagi na kuyarudisha kutoka juu ili yabebe hewa.

Mtungi wa maji hapa ni mgongo wa mtu au wa punda, na mama watoto aliuliza mapema kwa nini maji hayo yamwagwe kwa ajili ya samaki. Jibu lake liko nje ya mlango wa jikoni: kila wiki lita 13 chafu hutolewa na kumwagiwa sukuma wiki, ambayo hula nitrati kwa furaha kuliko mmea wowote ninaoujua.

Waliochaguliwa ni gapi sita, kwa sababu hawasumbuliwi na maji magumu. Mimi ningetamani wale samaki wa Unguja wenye mkia mwekundu, Nothobranchius guentheri, ambao dimbwi lao hukauka na mayai yao hubaki kwenye udongo yakisubiri mvua. Wangekuwa nyumbani Ukambani.

Mfuko wa gapi ulielea tangini, maji yakaongezwa kikombe kwa kikombe kwa muda wa saa nzima, ndipo samaki wakaachiliwa. Binti aliweka paji la uso kwenye kioo. Fundi alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akipitisha kidole gumba chini ya mshono.