Kabla Namba Haijaaminiwa

Mwanafunzi wa bayokemia ya kitabibu haanzi na damu, huanza na maji. Hupewa pipeti ya mikrolita 100, kikombe kidogo na mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu. Kazi yake ni kuvuta maji safi, kuyatia kikombeni, kusoma uzito na kuuandika, kisha kurudia mpaka apate namba kumi. Mikrolita 100 za maji zina uzito unaokaribia miligramu 100, kwa hiyo kila kosa la kidole gumba huonekana papo hapo kwenye mizani.

Namba za mwanzo huyumba: 94, 103, 97. Mwalimu haelezi mengi, anaonyesha. Bonyeza mpaka kituo cha kwanza kabla hujazamisha ncha. Pipeti isimame wima, ncha iingie majini milimita mbili tatu tu. Achia kidole taratibu, maana ukikurupuka utavuta na hewa. Subiri kidogo. Unapomimina, gusisha ncha kwenye ukuta wa kikombe, ubonyeze hadi kituo cha pili ili tone la mwisho litoke. Mazoezi yakikolea, namba zote kumi husogeleana mpaka tofauti kati yake haifiki miligramu moja. Kwangu mimi siku hiyo inastahili pongezi kama siku ya mahafali.

Nchini Tanzania fani hii hufundishwa ndani ya shahada za sayansi ya maabara ya tiba, katika vyuo kama Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Nadharia yake ni nzito: figo, ini, homoni, vimeng'enya, chumvichumvi za damu. Ninachokihusudu zaidi ni ustadi unaojengwa sambamba na nadharia hiyo, yaani kuishuku namba mpaka ieleze ilikotoka.

Chukua kreatinini, kipimo kinachotumika kila siku kuchunguza figo. Mwaka 1886 Max Jaffe alieleza kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki kwenye mazingira ya alkali hutoa rangi ya chungwa iliyokolea. Zaidi ya karne imepita na njia hiyo bado inatumika, kwa sababu ni nafuu. Mwanafunzi huchanganya kwa mkono wake, akaona umanjano unageuka machoni pake, akapima rangi kwa mashine. Kisha hufundishwa udhaifu wa njia hiyo. Asetoasetati, ambayo hujaa kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, nayo hutoa rangi, na figo nzima zikaonekana mbovu. Protini pia huchangia. Dawa yake ni saa: asetoasetati hukimbilia kutoa rangi sekunde za mwanzo kabisa, protini huchelewa, kwa hiyo rangi hupimwa katika dirisha fupi lililo katikati. Mwanafunzi aliyewahi kusimama na saa mkononi akilingojea dirisha hilo hawezi tena kuiona kreatinini kama namba iliyojitokea tu.

Halafu kuna chati ya kontroli. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya mgonjwa yeyote, maabara hupima sampuli ambayo thamani yake inajulikana, na nukta huwekwa kwenye mchoro wenye mstari wa wastani katikati na mipaka juu na chini. Levey na Jennings waliuleta mchoro huo kwenye maabara za hospitali mwaka 1950, na mwaka 1981 James Westgard na wenzake wakatunga kanuni za kuusoma. Nukta moja kuvuka mikengeuko sanifu miwili si lazima iwe hitilafu, maana karibu kipimo 1 kati ya 20 kitavuka hata mambo yakiwa shwari. Kinyume chake, nukta kumi mfululizo zinaweza kubaki ndani ya mipaka, lakini zote zikawa upande mmoja wa wastani. Hakuna kengele iliyolia, ila kitu kimehama: kitendanishi kinachakaa, au taa ya mashine inafifia. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwanafunzi hufunzwa kuyaona mawingu hayo mapema.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni potasiamu. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Mwanafunzi hupewa majibu haya: potasiamu 8.9, kalsiamu chini mno, sodiamu na kreatinini za kawaida. Ukiisoma potasiamu peke yake, moyo wa mgonjwa unaweza kusimama wakati wowote. Aliyefundwa huuliza kwanza kalsiamu imekwenda wapi. Chupa ya kifuniko cha zambarau, inayotumika kwa picha kamili ya damu, ina EDTA, kemikali inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na kemikali hiyo huwekwa humo kama chumvi ya potasiamu. Mtu amemimina damu kutoka chupa ya zambarau kwenda chupa nyekundu. Mashine haijakosea hata kidogo. Lakini daktari akitibu namba ile, atashusha potasiamu isiyokuwa na tatizo.

Mitego mingine ni ya kimyakimya zaidi. Seli nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu, humwaga potasiamu yake, na angalau hapo seramu hugeuka nyekundu ikakuonya. Damu nzima ikilala kwenye friji, pampu za seli husimama kwa baridi na potasiamu huvuja bila rangi yoyote kubadilika. Ikicheleweshwa kwenye joto la kawaida bila kinga, seli huila sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Ndiyo maana mwanafunzi huuliza saa ya kutoa damu, chupa iliyotumika na njia ambayo sampuli ilipitia, kabla hajauliza jibu.

Matunda ya mafunzo hayo husikika kwenye simu ya wodini:

"Sista, habari za kazi. Potasiamu ya kitanda namba sita sijaitoa. Naomba damu nyingine, chupa nyekundu ijazwe kabla ya zambarau."

"Sawa dokta, ila mgonjwa atalalamika."

"Mpe pole yangu. Ikifika tu naipima."

Siku hizi mashine hupima mamia ya vipimo kwa saa, na wapo wanaoona mazoezi ya pipeti yamepitwa na wakati. Mimi nawasihi wanaopanga mitaala wasiyapunguze. Mashine itachapa 8.9 kwa utulivu uleule inaochapa 4.2. Anayeweza kuizuia ni yule aliyejua kwa mikono yake namba hutengenezwaje na huharibikia wapi. Anapoweka sahihi kwenye majibu, ina maana ameikagua chupa, saa, chati na vipimo jirani, na daktari anaweza kuandika dawa kwa kuyategemea.