Adui wa Katlesi ni Maji

Samaki wa kopo hana heshima Dar es Salaam. Mji wenye soko la Feri, wenye wachuuzi wa kupita na ndoo za vibua asubuhi na meza za pweza barabarani jioni, unamwona mfungua makopo kuwa ama mvivu, ama mwanafunzi wa bweni, ama mtu aliyefulia. Lakini kusi inapovuma na ngalawa zikalala ufukoni, bei ya samaki mbichi hupanda mpaka mama wa nyumbani anatazama, anauliza, anapita. Kopo halijui kusi. Liko dukani kwa Mangi, rafu ya chini karibu na sabuni za mche, mwezi Julai kama mwezi Desemba, na halidai friji.

Bi mkubwa ninayemwandika hapa anakaa Magomeni, mlango wa tatu kutoka kwetu, na mtaa mzima unamwita Bibi. Anapika katlesi za samaki wa kopo. Sijaona mahali pengine kitu cha bei ndogo kikitendewa adabu kubwa namna ile, na mara nyingi nimekaa jikoni kwake nikijifanya namenya vitunguu, kumbe natazama mikono.

Kazi yake yote ni kuwinda maji. Katlesi inayopasuka kikaangoni, inayodai mayai mawili na unga wa ngano ndipo ishikane, inayonyonya mafuta hadi gazeti ulilolaza chini yake linapitisha mwanga, hizo zote zina ugonjwa mmoja: zina maji ndani. Yatoe maji hayo hatua kwa hatua, na vya kushikizia vinapungua, mafuta yanapungua, gharama inapungua. Ule unafuu wa kiafya tunaohubiriwa kliniki kila tukipimwa presha unakuja wenyewe, bila kuitwa.

Hununua sardini wa nyanya, lile kopo kubwa la gramu 425. Wengi wangechukua jodari, kwa kuwa nyama yake ni nyeupe, haina miba na inapendeza mbele ya wageni. Bibi hamdharau jodari, ila anajua anachokikosa. Sardini hufungwa koponi na uti wake wa mgongo, kisha kopo zima, likiwa limeshazibwa, hupikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye joto la nyuzi 120 hivi. Mfupa unatoka humo umelainika kiasi cha kuvunjika kwa vidole. Ndiyo maana gramu 100 za sardini wa kopo pamoja na miba yake hutoa karibu miligramu 380 za kalsiamu, na minofu ya jodari haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Isitoshe, samaki mdogo hajaishi miaka mingi akila wenzake, kwa hiyo zebaki ya baharini haijajilimbikiza mwilini mwake kama inavyojilimbikiza kwa wale wakubwa. Mama mjamzito, au mwenye watoto wadogo, huyo ndiye wake. Sardini ana mafuta ya omega-3 ya kutosha pia, na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wa jodari hawaambiwi: aliyehifadhiwa katika mafuta, ukiyamwaga mafuta yale unamwaga na sehemu ya mafuta yake mwenyewe, kwa sababu yamekwisha changanyika. Aliyehifadhiwa katika maji hana hasara hiyo kubwa.

Kopo lenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha mwaka 1810 namna ya kuhifadhi chakula kwa kukiziba na kukichemsha, akitumia chupa za kioo; mwaka huohuo Peter Durand akapewa hataza Uingereza iliyotaja pia makopo ya bati. Hakuna aliyeelewa kwa nini chakula hakikuoza. Louis Pasteur alikuwa hajazaliwa. Na kwa miongo kadhaa hapakuwa na kifungulio: watu walifungua chakula chao kwa patasi na nyundo. Bibi anafungulia kisu kizee kilichopinda ncha, kwa hiyo kwake miaka mia mbili haijabadilisha mambo sana. Kabla ya kisu, hulibonyeza kopo juu na chini kwa kidole gumba. Lililovimba halirudishwi dukani kwa ugomvi wala halionjwi. Linatupwa.

Rojo la nyanya hulimimina kwenye kibakuli, akaliweka kando. Samaki anamwacha juu ya chujio, na hapo ndipo mtu mwenye haraka angeanza kuponda. Yeye anamwacha. Anaenda kushughulikia viazi, anarudi, anamgeuza, anaenda tena. Ukichuja kwa subira, kopo lile hukupa kiasi cha robo kilo ya samaki, na Bibi huweka viazi nusu kilo, kiazi mara mbili ya samaki. Zaidi ya hapo, anasema, unapika viazi ulivyovisimulia habari za samaki. Katlesi nyingi za kununua ndivyo zilivyo.

Viazi ni vile vya nyanda za juu, vya Mbeya au Njombe, na anavichagua kwa kucha. Ganda likichubuka kirahisi, kiazi ni kichanga, kimejaa maji, anakirudisha kwenye fungu. Anataka kilichokomaa, kizito, chenye unga. Anavichemsha na maganda yake, kuanzia maji ya baridi, bila kuvikata, maana kila ulipokata umefungua mlango wa maji kuingia. Vikiiva anamwaga maji yote na kuirudisha sufuria juu ya mkaa uliofifia, mfuniko wazi, mpaka mvuke uishe na maganda yaanze kukauka na kujikunja. Halafu anamenya vikiwa vya moto, akivirusha mkono hadi mkono, na kuponda palepale kwa mwiko wa mti. Kiazi cha moto huachia chenyewe. Kikipoa kinakuacha na mabonge, na ukiyafukuza mabonge kwa nguvu, wanga unatoka ndani ya kiazi na kuwa ulimbo.

Mjukuu wake wa kike, msichana wa chuo, siku moja alimshauri.

"Bibi, si tuvisage kwa blenda? Dakika moja tu."

"Mjukuu wangu, unataka katlesi au unataka gundi ya kubandika matangazo?"

Blenda ikarudi kabatini.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya kumkausha samaki, nayo wapishi wengi wanairuka kabisa kwa hoja kwamba samaki wa kopo ameshaiva. Ameiva, ndiyo, lakini ameiva katika maji. Bibi anaweka kikaango kikavu jikoni, hakina tone la mafuta. Yaliyomo kwenye sardini yanatosha. Kitunguu maji kimekatwakatwa kidogo kidogo, kikatiwa chumvi chembe, kikakamuliwa ndani ya kitambaa safi mpaka kimenyauka. Anakitanguliza. Kikianza kunukia anatia tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa pamoja, bizari nyembamba aliyoikaanga na kuisaga mwenyewe, pilipili manga, kisha samaki. Hapo mazungumzo yanakoma, kwa sababu anasikiliza. Mwanzoni kikaango kinatokota, sauti nzito ya majimaji. Anageuza kwa mwiko taratibu, akivunja uti wa mgongo kwa ncha yake bila kuutoa. Baada ya muda sauti inapanda, inakuwa nyembamba, inachachatika. Harufu nayo inahama, kutoka ile ya bati na nyanya kuwa ya samaki wa kukaanga. Bado haondoi. Anangoja samaki aanze kushika chini kidogo tu, anakwangua mara moja, ndipo anaipua.

Ndimu inakuja hapo, lakini si maji yake. Anakwangua ganda la kijani kwa kisu, lile la juu tu lenye mafuta na harufu, akalitia humo; maji ya ndimu yatakamuliwa mezani, na kila mtu kwa sahani yake. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilielewa kwamba sitazami mazoea ya jikoni bali fikra iliyokamilika. Mtu aliyehangaika kutoa maji vijiko kadhaa hawezi kuyarudisha kwa kukamua ndimu. Hata kotmiri huoshwa asubuhi na kuanikwa kwenye ungo, ili ifike bakulini haina umande.

Chumvi haongezi mpaka aonje. Samaki wa kopo amekwisha tiwa chumvi kiwandani, na viazi amevichemsha bila chumvi kwa makusudi, ili vipate cha kupokea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku. Bibi hana mizani, ana ulimi, na mara nyingi anaonja, anatikisa kichwa, anafunika mkebe wa chumvi bila kuuchota.

Kuchanganya hakumchukui muda. Samaki na viazi vikishapoa anavikutanisha kwa ncha za vidole, kwa kuinua na kuachia, bila kukanda, ili michirizi ya samaki ibaki ikionekana. Yai haliingii ndani. Wala unga. Anafunika bakuli na kuliacha likae kama nusu saa, wanga wa viazi upate kushikamana wenyewe.

Kisha anapaka viganja maji. Ndiyo maji pekee anayoyaruhusu tangu kazi ianze, na ni ya mkono, si ya katlesi. Anachota donge, analizungusha, analibonyeza, na kidole gumba kinapita ukingoni pande zote kuziba kila ufa, kwa sababu katlesi huanza kupasukia ukingoni. Unene wake ni mdogo kuliko nilivyozoea, kama sentimita moja na nusu. Nene hubaki baridi katikati, nyembamba zaidi hukatika ukigeuza. Zinatoka kumi na sita hivi, na ukizipanga kwenye sinia huwezi kuijua ya kwanza na ya mwisho.

Kuhusu ganda la nje kuna vyama viwili Pwani. Wapo wanaochovya katlesi kwenye yai tupu na kuitumbukiza katika mafuta mengi, ikatoka na zile nyuzi za yai kama lesi; ni tamu, nami nikizikuta Ramadhani siziachi. Ila yai lile lililopanda povu hubeba mafuta mengi mno. Bibi ni wa chama cha chenga za mkate. Vichwa vya mkate wa slesi, ambavyo watoto hawavitaki, anavianika mpaka vikakauka na kuvitwanga kwenye kinu, si laini sana. Yai moja likipigwa sawasawa linatosha sinia zima, maana analipaka kwa vidole, halichovyi. Anabingirisha kwenye chenga, anakung'uta zilizozidi. Chenga ikibaki kikaangoni inaungua, na kuungua kwake kunachafua mafuta ya katlesi zinazofuata.

Na mafuta yenyewe ni vijiko viwili vya chakula, katika kikaango kipana. Mjukuu aliuliza kama si machache mno.

"Samaki ameiva, kiazi kimeiva. Mafuta mengi ya kumpikia nani?"

Jibu hilo limejaa elimu. Kitu kibichi kinahitaji moto uingie hadi ndani. Katlesi hii haina kibichi isipokuwa ule utando mwembamba wa yai. Kinachotafutwa ni rangi ya nje na joto la ndani, basi. Lakini mafuta yawe yameshika moto sawasawa: anadondosha chenga moja, ikichachatika papo hapo anaanza, ikilala kimya anangoja, kwa sababu katika mafuta vuguvugu katlesi inakunywa badala ya kukaangika. Haziwekwi nyingi kwa pamoja. Kila moja inageuzwa mara moja tu, na haiguswi mpaka ijiachie yenyewe.

Wenye oveni huuliza kama inafaa. Inafaa, kwenye nyuzi 200, ukizipaka mafuta kidogo juu na kuzigeuza katikati, yapata dakika ishirini. Kwa maoni yangu ukingo hukauka kupita kiasi na ganda halipati ule mlio chini ya jino. Kwa karamu ya watu hamsini ningetumia oveni bila kujiuliza. Kwa watu sita, kikaango.

Lile rojo la nyanya halikusahaulika. Wakati katlesi zinakaangwa, limo katika kisufuria pembeni na kipande cha ukwaju, linapungua hadi linashika mwiko, na hiyo ndiyo chatne. Katlesi zinazosalia zinafungwa ndani ya mkate asubuhi kwa wanaokwenda shule, au zinagandishwa kabla ya kukaangwa kwa mwenye friji. Akitumia nusu kopo, nusu nyingine haibaki katika bati lililofunguliwa. Inahamishiwa kwenye chombo chenye mfuniko, inaingia friji ya jirani, na kesho yake inaliwa.

Linabaki suala la pilipili mbichi, na hapo Bibi na mimi hatujapatana. Yeye huitia kwenye chatne peke yake, akisema watoto nao wanakula. Mimi naona iingie kikaangoni pamoja na samaki, ikauke naye, iwe na moshi kidogo. Mara ya mwisho alinitengea donge moja la kujaribia, akalikaanga, akamega kipande, akatafuna. Akasema si mbaya. Sinia lililofuata halikuwa na pilipili.