Maharage Mia Kwenye Ungo

Juu ya meza ya tabibu mzee, katika kituo cha afya cha kwetu mkoani Tanga, palikuwa na kopo la maziwa lililojaa maharage. Wengi walidhani ni mbegu. Nami nilidhani hivyo hadi mwaka 2022, nilipomsindikiza dada yangu na mwanawe.

Picha ya moyo iliyopigwa hospitali ya mkoa ilikuwa imeonyesha kwamba homa ya baridi yabisi imeanza kuila milango ya moyo wa kijana. Alitakiwa achomwe penisilini kila wiki 4, ile sindano nzito ambayo mtoto hushuka nayo kitandani akichechemea. Lakini daftari lake la kliniki lilikuwa na maandishi mekundu: ALEJI YA PENISILINI.

Mzee hakugusa bomba la sindano. Alivuta kiti karibu na dada.

“Vipele vilimtoka lini, mama?”

“Akiwa na miaka miwili, Dokta.”

“Muda gani baada ya dawa?”

“Kama siku ya tano hivi.”

“Midomo ilivimba? Pumzi ilimbana?”

“Hapana. Alikuwa na mafua na homa tu.”

Akateremsha ungo uliokuwa ukutani, akahesabu maharage 100, moja moja, bila haraka, na nje foleni inangoja. “Hawa ni watoto wenye moyo kama wa mwanao, ila hawachomwi sindano.” Kwa kidole akatenga 8. “Baada ya miaka miwili, mioyo ya hawa imezidi kuharibika.” Kisha akarudisha 7. “Na wakichomwa, anabaki mmoja hivi.”

Baadaye nilijua hesabu ile ilitoka kaskazini mwa Uganda, kwenye utafiti uliotangazwa mwaka 2021: watoto 33 kati ya 400 wasiochomwa, dhidi ya 3 kati ya 399 waliochomwa. Mzio wa ghafla ulimpata mmoja tu, nao haukuwa mkali. Mzee hakuficha kwamba watoto wale hawakuwa na historia ya aleji. Akaeleza njia mbili: kijana apelekwe mkoani, ajaribiwe kwa amoksilini ya kumeza huku adrenalini iko tayari, au anywe vidonge vya erithromisini asubuhi na jioni, kwa miaka. “Hatari ipo, mama. Nataka uione ukubwa wake, ndipo tuamue.”

Dada alilitazama lile haragwe moja. “Na huyu mmoja akiwa wangu?”

Mzee hakujibu upesi. Ukimya ule naukumbuka kuliko tarakimu zote. Kisha akasema, “Ndiyo sababu siwezi kukuamulia peke yangu. Unaogopa nini zaidi?”

Hapo likatoka jambo ambalo hakuna kipimo kingeliona: dada hutoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku, na vidonge vya kila siku vingesahaulika. Akachagua jaribio. Kijana akanywa dawa, akakaa, hata kipele kimoja hakikutoka. Mzee mwenyewe akayakata yale maandishi mekundu, akaweka tarehe na sahihi.

Penisilini aliyoigundua Fleming mwaka 1928 imeokoa wengi, na wengi wamenyimwa kwa sababu ya mstari mmoja wa wino. Katika nchi tajiri, takribani mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa aleji hiyo. Wakipimwa, zaidi ya 9 kati ya kila 10 hawana. Hofu na hatari hukaa pamoja kama pumba na punje. Kuzitenganisha kunataka mkono uliozoea kupepeta, na subira.

Mwezi uliopita nilimpeleka jirani hospitali kubwa ya mjini. “Ana aleji?” daktari kijana aliuliza, macho kwenye kompyuta. “Nasikia anayo.” Kidole kikabonyeza. Ya nini, tangu lini, ilikuwaje, hayakuulizwa. Ikaja fomu: “Weka sahihi hapa.” Jirani akaweka, asijue amekubali nini.

Mzee amestaafu. Nilipita kituoni wiki ile ile. Ungo haupo ukutani. Kopo bado lipo mezani, limejaa kalamu za kutilia sahihi.