Ufundi wa Kuchagua Prosesa katika Joto la Isiolo

Prosesa mbili za daraja la juu zikiwekwa mezani, mara nyingi hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Umbo ni moja, soketi ni moja, idadi ya viini ni moja na kache ni ya ukubwa mmoja. Kinachozitenga ni herufi mwishoni mwa jina, megahezi mia hivi za kasi, na maelfu ya shilingi. Kujua tofauti ipi ni ya silikoni na ipi ni ya lebo tu, kisha kuipandisha prosesa iliyochaguliwa hadi kasi ambayo kiwanda hakikuiandika, ni ufundi kamili wenye hesabu zake, historia yake na miiko yake. Katika mji wa Isiolo nchini Kenya, ambako joto, vumbi na umbali huingia katika kila hesabu, ufundi huo humdai mwenye nao zaidi, na ndiyo sababu unastahili kusifiwa.

Mfanano wa prosesa huanzia kiwandani. Vipande vingi huchorwa kwa pamoja juu ya sahani moja ya silikoni, na ingawa mchoro ni uleule, hakuna viwili vinavyotoka sawa kabisa. Kimoja hufikia gigahezi 4.7 kwa volti kidogo. Jirani yake hudai volti zaidi kwa kasi hiyohiyo. Kiwanda hupima kila kipande na kukitia katika fungu lake: vilivyo bora hupewa jina kubwa na bei kubwa, vilivyobaki hupewa jina dogo. Lakini soko nalo lina amri yake. Uzalishaji ukiwa mzuri na wateja wengi wakitaka bidhaa ya bei nafuu, vipande vizuri huuzwa kwa jina dogo ili oda zitimizwe. Hapo ndipo mchaguzi mwenye maarifa anapopata nafasi: ananunua jina dogo akijua kwamba ndani yake huenda mna uwezo wa jina kubwa.

Historia ina mifano ya wazi. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini iliyokimbia megahezi 300 kwa kuzidisha basi, yaani mapigo ya msingi ya mashine, ya megahezi 66 mara nne na nusu. Waliojaribu kuipandisha basi hadi megahezi 100 walikuta kwamba nyingi zilistahimili megahezi 450, kasi ileile ya Pentium II iliyouzwa kwa bei ya mbali zaidi. Novemba 2008 hadithi ilijirudia kwa ndugu watatu: Core i7-920, i7-940 na i7-965 Extreme. Wote walikuwa na viini 4, kache ya megabaiti 8 na basi ya msingi ya megahezi 133. Wa kwanza alizidisha mara 20 akapata gigahezi 2.66, wa tatu alizidisha mara 24 akapata 3.2. Wa kwanza aliuzwa dola 284, wa tatu dola 999. Fundi aliyepandisha basi ya i7-920 hadi megahezi 200 alipata gigahezi 4.0, akampita ndugu mkubwa aliyekuwa bado katika mipangilio ya kiwandani, kwa bei isiyofika thuluthi.

Intel iliona, ikafunga mlango. Kuanzia Januari 2011, kizazi cha pili cha Core kiliifunga basi ya msingi na mifumo mingine ya mashine, hivi kwamba kuisukuma kulivuruga kila kitu. Kilichobaki ni kizidisho, yaani idadi ya mara ambazo basi huzidishwa, nacho kiliachwa huru kwa prosesa zenye herufi K tu. Core i7-2600 ilitoka kwa dola 294, na i7-2600K kwa dola 317. Kwa dola 23 mnunuzi alipata uhuru wa kupanda, na wengi walifika gigahezi 4.5. Hata hivyo herufi hiyo haikuwa nyongeza tupu: 2600K ilinyimwa VT-d, uwezo unaowafaa wanaoendesha mashine pepe, ilhali 2600 ya kawaida ilikuwa nao. Jozi hiyo ilitoa funzo ambalo halijachakaa. Prosesa ya bei ya juu haikuwa bora kwa kila mtu. Ilikuwa bora kwa kazi fulani, juu ya madabodi fulani.

Kupandisha kasi kuna gharama inayofuata kanuni ya fizikia. Nguvu inayoliwa na prosesa inapofanya kazi hukua sambamba na kasi, na hukua kwa mraba wa volti. Prosesa ikitoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.20 hadi gigahezi 4.5 kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa asilimia 12.5, lakini nguvu imeongezeka kwa takriban asilimia 42. Nguvu hiyo yote hugeuka joto. Kwa hiyo hatua za mwanzo za kupanda ni za bei poa na hatua za mwisho ni ghali mno, na ujuzi uko katika kutambua mahali ambapo mlima unaanza kuwa mkali.

Hapa ndipo Isiolo inapoingia katika hesabu. Vipimo vingi vya prosesa vinavyosomwa duniani hufanywa katika vyumba vya nyuzi 21 au 22. Isiolo mchana wa kiangazi huzidi nyuzi 30, na chumba chenye paa la mabati hakina huruma. Hitisinki na feni haziwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na mfumo wa maji nao hauwezi, kwa sababu maji hayo hupozwa na hewa ileile. Chukua prosesa ambayo kikomo chake ni nyuzi 90. Katika chumba cha nyuzi 22 kuna nafasi ya nyuzi 68 za kusukuma joto nje. Katika chumba cha nyuzi 32 nafasi ni nyuzi 58. Feni iliyoweza kuondoa wati 142 kule, huku itaondoa takriban wati 121 tu kabla kikomo hakijafikiwa. Tena mji uko kwenye kimo cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya pwani katika joto hilohilo. Feni inazunguka kwa kasi ileile, lakini kila mzunguko unabeba hewa pungufu, na zile wati 121 zinashuka zaidi.

Kwa kipimo hicho, jozi ya Ryzen 7 5800X na Ryzen 7 5700X za AMD inasomeka upya. Zote mbili zina viini 8, zinashughulikia kazi 16 kwa wakati mmoja, zina kache kubwa ya megabaiti 32 na hukaa katika soketi ya AM4. Ya kwanza ilitoka Novemba 2020 kwa dola 449 ikiwa na kilele cha gigahezi 4.7; ya pili ilitoka Aprili 2022 kwa dola 299 ikiwa na kilele cha gigahezi 4.6. Kwenye karatasi, kilele kinatofautiana kwa asilimia 2 hivi. Tofauti kubwa imefichika katika kikomo cha nguvu: 5800X huruhusiwa wati 142, 5700X wati 76. Katika chumba chenye ubaridi, 5800X hutangulia kazi nzito inapotumia viini vyote. Katika chumba cha Isiolo chenye feni ya wastani, inagonga kikomo cha joto na kupunguza kasi yenyewe, huku 5700X ikiendelea mchana kutwa bila kuhema. Na kwa kuwa kizidisho chake kiko huru, mwenye hitisinki nzuri anaweza kumwongezea huyu mdogo nguvu kidogo kidogo hadi amkaribie mkubwa. Mnunuzi wa ngamia katika soko la mifugo la Isiolo haridhiki na kimo cha mnyama. Anakagua miguu na mgongo kwa sababu anaijua safari iliyo mbele. Mchaguzi wa prosesa naye husoma wati kabla ya gigahezi.

Umeme ni hesabu nyingine. Mashine inayokula wati 100 za ziada kwa saa 6 kila siku humaliza uniti 18 zaidi kwa mwezi, na anayenunua tokeni anajua uzito wa uniti hizo. Stima inapokatika, UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400. Prosesa kama Core i9-14900K, ambayo kiwandani huruhusiwa hadi wati 253, ikiungana na kadi kubwa ya picha huishinda UPS hiyo papo hapo, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Kasi inayozimwa na kukatika kwa stima haikumfaa mtu.

Thamani basi haipimwi kwa bei ya prosesa peke yake, bali kwa kapu zima. Prosesa ya K ya Intel ya kizazi cha 13 au 14 haipandishwi kizidisho kwenye madabodi ya B760. Inahitaji ya daraja la Z, kama Z790, ambayo ni ghali zaidi. Kwa upande wa AMD, madabodi ya B550 inaruhusu kupandisha ilhali ya A520 hairuhusu. Juu ya hapo kuna hitisinki kubwa, pawa saplai imara, kodi ya VAT ya asilimia 16 na usafiri wa takriban kilomita 285 kutoka Nairobi. Kupandisha kasi kwa kawaida huhatarisha dhamana ya mtengenezaji, na hata kifaa chenye dhamana hulazimika kurudishwa mjini kule kilikonunuliwa. Mara nyingi pesa zilizobaki baada ya kuchagua ndugu mdogo, zikiwekwa kwenye kumbukumbu ya RAM, diski ya SSD au kadi ya picha, huleta tofauti inayoonekana zaidi kuliko megahezi mia.

Hesabu hiyo inazihusu pia kompyuta zilizotumika, zile ambazo Kenya nzima huziita ex-UK. Nyingi ni mashine za ofisi kama Dell OptiPlex 990 au HP Compaq 8200 Elite zenye prosesa za kizazi cha 2011. Anayeipachika i7-2600K katika mashine hiyo kwa tamaa ya kupandisha hatapanda popote, kwa maana madabodi zake za Q67 hazikuundwa kwa kazi hiyo. Humo i7-2600 ya kawaida hufanya karibu yaleyale, tena na VT-d juu yake.

Kileleni kabisa mwa soko, tahadhari ni kubwa zaidi. Core i9-13900K ilitoka Oktoba 2022 na i9-14900K mwaka mmoja baadaye, zote kwa dola 589. Viini ni 24 kwa zote mbili. Kilele ni gigahezi 5.8 kwa ya kwanza na 6.0 kwa ya pili. Nyongeza hiyo ya asilimia 3.4 ilikuwa imeshachotwa na kiwanda chenyewe, kikaacha nafasi finyu kwa fundi. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za vizazi hivyo zilikuwa zikidhoofika kwa sababu ya volti za juu mno, ikatoa marekebisho ya programu ya ndani na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Silikoni iliyosukumwa hadi ukingoni huzeeka, na joto huharakisha uzee huo. Anayenunua moja ya hizi hupaswa kuhakikisha kwanza kwamba BIOS ya madabodi imesasishwa.

Aina ya kazi ndiyo hukata shauri. Mhariri wa video za harusi na mchoraji wa ramani za malisho hunufaika na viini vingi vinavyofanya kazi kwa saa nyingi. Kwao kasi ya kudumu ni bora kuliko kilele cha sekunde chache. Mcheza gemu hutegemea zaidi kadi ya picha, hasa kwenye skrini kubwa, na prosesa mbili zinazofanana humpa matokeo yanayofanana. Anayetumia mashine kwa hati na intaneti hahitaji kupandisha chochote.

Prosesa ikishachaguliwa, kazi ya mkono huanza, na mwenda pole hajikwai. Fundi hupima kwanza bila kubadilisha kitu: anaendesha programu ya kupima kasi ya Cinebench, anaandika alama, joto na wati. Kisha hupandisha hatua moja, hujaribu, huandika, hupandisha tena. Mashine ikikwama, hurudi hatua moja au huongeza volti kiasi kidogo sana. Mwishoni huiacha chini ya mzigo wa programu za majaribio kama Prime95 au OCCT kwa saa kadhaa, na jaribio hilo hufanywa saa nane mchana, wakati chumba kiko katika joto lake kali, kwa kuwa mpangilio uliothibitika usiku huanguka adhuhuri. Feni zinazoingiza hewa huwekwa vichujio na kupewa nguvu kuliko zinazotoa, ili vumbi lisivutwe kupitia nyufa za kasha, na vichujio husafishwa mara kwa mara katika kiangazi.

Kuna pia kupanda kwa njia ya kushuka. Kwa kuwa volti huhesabiwa kwa mraba, kuipunguza kidogo huku kasi ikibaki palepale huondoa joto jingi, na prosesa za kisasa zinazojirekebisha zenyewe hutumia nafasi hiyo kukaa kileleni kwa muda mrefu zaidi. Katika nchi ya joto, mara nyingi hii ndiyo njia yenye faida kubwa, na haidai hitisinki mpya wala uniti za ziada. Fundi anayeifahamu huanza nayo, hupima mchana, huandika alama alizopata, na ndipo huamua kama megahezi zinazofuata zinastahili gharama yake.