Koti Jeusi

Nawapongeza mawakili, ingawa najua wanavyosemwa vijiweni. Ukipita Biharamulo, boma la Wajerumani bado limesimama. Enzi za Mwingereza aliyemfuata Mjerumani, mkulima wa Ngara mwenye kesi ya shamba la migomba alisimama peke yake: sheria ilimzuia wakili kuingia katika mabaraza ya wenyeji. Mdomo wake ndio ulikuwa utetezi wake.

Mwaka 1958, watu walikuwa wamechoshwa na amri za wakuu wa wilaya. Nyerere akaandika makali juu yao katika *Sauti ya TANU*, akashtakiwa kwa kashfa. Waliomsimamia Dar es Salaam walikuwa D.N. Pritt, yule aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria, pamoja na Mahmud Rattansey na K.L. Jhaveri. Mwingereza mmoja na Wahindi wawili, tusisahau.

Kesi walishindwa. Faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, Nyerere akalipa. Lakini mahakamani wakuu wa wilaya, mabwana wakubwa ambao kwao kofia zilivuliwa, waliulizwa maswali hadharani, na iliwabidi wajibu.